Herufi Nene za Lucky Summer

"Mwewe, simama hapo. Nasubiri idhini kutoka juu."

Awuor, aliyeitwa Mwewe kazini, alimsikia vizuri bosi wake, Mureithi, kwenye kifaa cha sikioni. Akaongeza mafuta. Pikipiki yake ya Boxer ikanguruma nyuma ya gari, Probox nyeupe, lililokata kona kuingia mtaa wa Lucky Summer, jirani na Dandora.

"Idhini itanikuta huko ndani."

Asubuhi hiyo Dandora iliamka imebandikwa mabango. MTOKE KABLA YA JUMAPILI. Yalitishia familia zilizotoka magharibi mwa nchi, eti kwa niaba ya majirani zao. Kufikia saa sita mchana, maduka mawili yalikuwa yameteketea.

Awuor alizaliwa Dandora. Na kabla ya kuwa jasusi, alisomea usanifu wa herufi.

Kwa hiyo asubuhi hiyo aliyaangalia maumbo ya herufi. Nguzo nene, nyeusi tititi. Mistari ya kuziunganisha, myembamba kama unywele. Chini ya kila nguzo, kijiguu chembamba kama wembe. Herufi za vichwa vya magazeti na matangazo mazito: ukiziona ng'ambo ya barabara unaamini kabla hujafikiri.

Lakini zina udhaifu. Ukizichapa kwa skrini za mtaani, zile za kuchapia fulana, wino huimeza ile mistari myembamba.

Hapa haukumezwa hata mmoja.

Hii haikuwa kazi ya majirani. Ilikuwa mashine kubwa ya uchapaji, ya ofseti, na eneo hilo ilikuwepo moja tu: ya Kroll, mgeni aliyeuzia bunduki pande zote mbili popote palipowaka moto. Na Probox hii nyeupe ilikuwa yake.

Probox ilizama ghalani kwa Kroll. Awuor akairusha Boxer ndani kabla lango halijafungwa.

Mlinzi alichomoa bastola. Gurudumu la mbele likamkuta kifuani. Awuor akaiokota bastola.

Glock 17. Imejaa.

Mashine ya kuchapa, Heidelberg, ilikuwa ikitema bango jipya. Herufi zilezile. Sasa zilitishia familia za upande wa pili.

Kando ya mashine, Kroll aliinua mikono, akitabasamu. "Ni karatasi tu, madam. Herufi haziui mtu."

"Basi mbona ulichagua zinazoaminiwa?"

Tabasamu likafifia.

Awuor alifyatua risasi moja kwenye mitambo ya umeme. Cheche. Kimya. Akamfunga Kroll pingu kwenye mashine yake mwenyewe, akasukuma marobota ya karatasi. Nyuma ya marobota: makasha ya bunduki za AK-47.

Akayapiga picha mabango yote mawili pamoja na makasha, akazituma kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya Dandora. *Mchapaji ni mmoja. Amekamatwa. Msidanganywe.*

Polisi walipofika kumchukua Kroll, simu iliita.

"Watu wanabandua mabango," Mureithi alisema. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Majirani wote, kwa pamoja. Lakini wakubwa wanauliza nani alikuruhusu."

"Waambie Dandora ni kwetu. Sikuomba ruhusa kuingia, na sitaomba kuilinda."

Akaizima simu. Akatoka taratibu hadi kwa muuza mutura, soseji za utumbo za kuchoma, kando ya barabara, mikono ingali na wino.

"Sema, siz. Nikukatie ya ngapi?"

"Ya shilingi hamsini. Na usibanie pilipili."