Maandishi Madogo Chini ya Bango

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala haraka haraka, kisha akaenda chumba cha mbele ambako mama yake alishona nguo. Kazi yake ilikuwa kufagia nyuzi, kukusanya mabaki ya vitambaa na kushona vifungo. Jina hilo la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alisimulia habari za darasani tangu anapoingia mpaka anapoitwa kulala, na mama akicheka huku cherehani ikienda.

Wiki hiyo cherehani ilikuwa kimya. Simu ya mama ilikuwa imekufa. Fundi simu aliifungua, akaipuliza, akatikisa kichwa. "Mama, hii tuizike tu," alisema. Na kazi yote ya mama ilipitia kwenye simu! Wateja walituma picha za mishono na kuuliza nguo zao zimefikia wapi. Sasa walipiga bila kumpata, na wawili walikuwa wameshapeleka vitambaa vyao kwa mshonaji mwingine. Mama hakulalamika, ila kila mtu alipopita nje, alichungulia mlangoni.

"Nina akiba ya elfu sitini," alimwambia Chiriku Jumamosi asubuhi. "Twende tukatafute simu ya kulipa kidogo kidogo, kabla wateja wote hawajanikimbia."

Dukani kulikuwa na foleni, na ukutani bango kubwa la simu inayong'aa, yenye kamera tatu mgongoni. Taslimu elfu mia mbili na hamsini; au kianzio elfu arobaini, halafu elfu saba tu kila wiki kwa mwaka mmoja! Chiriku aliipenda papo hapo. Alijiona tayari akiwapiga picha rafiki zake.

"Mama, chukua hiyo hiyo," alinong'ona.

"Tulia. Tuulize kwanza."

Mama akamgeukia muuzaji, kijana nadhifu mwenye maneno matamu. Aliuliza malipo yanaanza lini. Akauliza yanalipwa wapi. Akaomba aelezwe tena, polepole. Nyuma yao dereva mmoja akaguna, "Jamani mama, na sisi tuna shughuli zetu!" Kibaya zaidi, kwenye foleni alikuwepo mwanafunzi wa darasa la Chiriku pamoja na baba yake, akicheka chini chini. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Miwani nimeisahau nyumbani," mama alisema. "Hebu nisomee hayo maandishi madogo hapo chini."

Chiriku akasoma kimoyomoyo: *Malipo yakichelewa hata siku moja, simu itajifunga hadi deni lilipwe.* Akashtuka. Lakini simu ilikuwa nzuri, na watu walikuwa wanawatazama.

"Ni maneno ya kawaida tu, mama. Wanawashukuru wateja."

Mama alimwamini. Kwa nini asimwamini mtoto wake? Akachukua kalamu, akainamia mkataba, macho ameyakunja, anatafuta mahali pa kutia sahihi.

Chiriku aliijua kazi ya mama ndani nje. Shule zikikaribia kufunguliwa, sare hujaa mpaka pa kukanyaga hakuna. Baadaye hupita wiki nzima, asije hata mtu wa kupunguza suruali. Wiki kama hiyo, elfu saba ingetoka wapi?

"Mama, usitie sahihi!"

Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Duka zima likageuka.

"Nimekudanganya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Pameandikwa kwamba ukichelewa siku moja, simu inajifunga. Na ukijumlisha kianzio na wiki zote hamsini na mbili, unalipa elfu mia nne na nne. Ukinunua kwa taslimu, ni elfu mia mbili na hamsini."

Mama akaweka kalamu mezani taratibu. Hakumgombeza. Alimwuliza muuzaji, "Simu ikijifunga, mteja akinipigia atanipata?"

"Hapana, mama."

"Yaani wiki niliyokosa kazi ndiyo mtakayonizuia nisiipate?"

Muuzaji akaanza kupangapanga karatasi zake. Na hapo foleni nayo ikabadilika. Yule dereva aliyekuwa akiguna akasogea mbele. "Mama, hebu muulizie na hilo lililoandikwa hapo kwenye bango, la kubadilisha simu baada ya miezi sita."

Mama akauliza. Muuzaji akajikuna kichwa. "Unalipa ada ya kubadilisha. Halafu deni lililobaki linahamia kwenye simu mpya."

"Loo! Nilipie simu ambayo sinayo tena?"

Watu wakaangua kicheko. "Endelea, mama! Leo wewe ndiye msemaji wetu!" dereva akasema. Baba wa yule mwanafunzi akaurudisha mkataba wake mezani bila sahihi.

Mwishowe muuzaji naye akacheka. "Umenibana kweli, mama. Upo mpango mwingine, ila hatujauweka kwenye bango." Akatoa simu ndogo, isiyo na mbwembwe. Bei elfu mia moja na ishirini: nusu leo, nusu kwa miezi mitatu, bila nyongeza. Akichelewa, angepewa wiki mbili za kujipanga, na simu haifungwi. Safari hii Chiriku aliusoma mkataba wote kwa sauti, neno kwa neno, ndipo mama akatia sahihi.

Jioni simu ikaita. Mteja wa kwanza! Alitaka magauni mawili. Mama alipomaliza kuzungumza, Chiriku akamwuliza, "Mama, uliwezaje kuuliza vile huku watu wanakucheka?"

"Mwanangu, wale wangenicheka kidogo, kisha wangekwenda zao. Deni lingebaki na mimi mwaka mzima. Yupi kati yao angekuja kunilipia?"

"Hakuna," Chiriku alijibu.

"Basi usichokielewa, kiulize mpaka ukielewe, wacha waliochoka wagune. Na ukijua jambo ambalo mwenzako halioni, mwambie, hata kama utakosa unachokitaka. Leo ulinidanganya, na niliumia." Mama akamvuta karibu. "Lakini ulisimama mbele ya watu wote, ukasema kweli. Wapo watu wazima wengi wasioweza hilo. Mimi mama yako nimejivunia."