Dawa ya Damu Iliyokuwa Kabatini

Kila asubuhi ya likizo, mama akishaondoka kwenda kushona sare za shule, Elsie alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kupiga deki na kumnywesha uji mdogo wake, Owuor. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomshinda. Owuor, wa miaka minne tu, alifumba mdomo na kukigeuzia kikombe mgongo.

"Kunywa hata kidogo, Owuor. Kesho tunaenda kliniki."

"Sitaki! Kunywa wewe."

Kliniki hiyo ndiyo iliyomtia Elsie wasiwasi. Daktari alikuwa amesema damu ya Owuor ni kidogo, na isipopanda, kesho atalazwa.

Alipofungua kabati kupanga vikombe, macho yake yaliangukia chupa ya divai nyekundu yenye picha ya zabibu. Mama alipopungukiwa na damu mwaka jana, jirani yao Mama Akech alimshauri anywe glasi moja kila jioni. "Hiyo si pombe, ni dawa ya damu. Kwani rangi yake huioni?" Tangu hapo mama hakukosa glasi yake, na kila akiinua alisema mbele ya watoto, "Wacha ninywe dawa yangu."

Elsie akaona amepata njia. Alimimina nusu kikombe, akatia maji kidogo.

"Njoo unywe juisi."

Owuor aliimaliza yote na kuomba nyingine. Elsie akamwongezea, moyo umejaa furaha. Kesho daktari atashangaa!

Mwanzoni Owuor alicheka ovyo. Akajaribu kukimbia, akagonga meza, akaanguka, akacheka tena. Kisha akalala kwenye kochi. Elsie alipomgusa baadaye, paji la uso lilikuwa baridi na limelowa jasho.

"Owuor! Amka!"

Alimtikisa. Kichwa kilining'inia tu kama cha mwanasesere.

Elsie alisuuza kile kikombe haraka, akasukuma chupa nyuma ya debe la unga, kisha akakimbilia mlango wa pili kwa jirani yao mwingine, Mama Ilwad. Mama yule aliacha nguo alizokuwa akianika, akambeba mtoto, wakatoka mbio kuelekea zahanati ya mtaa.

"Mbona mdomo wake unanuka hivi?" aliuliza akihema.

"Dawa ya kikohozi," Elsie alijibu bila kumtazama.

Daktari Kiema wa zahanati hiyo alimlaza Owuor kitandani, akamfunua macho, akamsikiliza kifua. "Amekula nini leo?"

"Hakuna. Alikataa uji."

"Amekunywa nini?"

"Dawa ya kikohozi."

"Gani? Kiasi gani?"

Mama Ilwad aliinama, akamshika Elsie bega. "Binti yangu, mimi nimesikia harufu. Sina hasira na wewe. Mwambie daktari."

Owuor akashtuka mwili mzima, mguu mmoja ukaanza kutetemeka. Hapo uongo wote ukamtoka Elsie.

"Divai! Nimempa divai ya mama, karibu kikombe kizima. Nilitaka damu yake ipande!"

Daktari hakupoteza muda kumfokea. Alimdunga Owuor kidole, akapima tone moja la damu. "Sukari imeshuka vibaya sana," alisema, na papo hapo akamwekea maji ya sukari kwenye mshipa.

Elsie alisimama ukutani akihesabu matone. Alikuwa amefika mia mbili na kumi mama, aliyepigiwa simu na Mama Ilwad, alipoingia, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni. Kabla hajauliza lolote, Owuor alifumbua macho.

"Elsie," alinong'ona, "ile juisi imebaki?"

Mama alikaa chini kwenye sakafu na kulia.

Daktari Kiema aliwageukia wote wawili. "Pombe humshusha mtoto sukari, hasa akiwa na njaa. Angeweza kuzimia moja kwa moja, au kukosa pumzi. Elsie, umekosea, lakini ukweli wako umeniokolea wakati. Nawe mama, divai haiongezi damu. Rangi nyekundu si damu. Ukiizoea, inaharibu ini na kupandisha presha. Damu hutafutwa kwenye maini, dagaa wa omena, maharagwe na mboga, na kwenye vidonge nitakavyowapa."

"Mama, nisamehe," Elsie alisema.

Mama alimvuta karibu, akamfuta machozi kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Kuficha ulikosea, na usirudie. Usimpe mtoto kitu chochote kwa jina la dawa kama daktari hajasema. Lakini kosa lilianza kwangu, mwanangu. Mimi ndiye niliyeita pombe dawa mbele yenu, nanyi mkaniamini. Kuanzia leo, nyumbani kwetu pombe itaitwa pombe, na haitakaa tena pamoja na vikombe vya uji."