Asiyetoka Kabla ya Filimbi

Soko la Ruvumera Jumamosi asubuhi halina adabu. Mtu anakukanyaga, anakuomba radhi, anakukanyaga tena. Ilyasi alikuwa akipenya kati ya wauza vitenge akitafuta kitambaa cha bluu, mara akasimama ghafla hata mama mwenye beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, akamgonga mgongoni na kumtukana kwa Kirundi safi. Tusidanganyane. Kitambaa cha bluu kilikuwa kwenye kila meza. Kilichomsimamisha ni mwenye meza.

Alivaa gauni refu la zambarau, mtandio mweupe ukimteleza begani, na alikuwa anakata kitenge bila kukitazama huku akicheka na jirani yake.

"Dada, iyo ya bluu. Nipe mita kumi."

"Mita kumi? Unavalisha nyumba?"

"Natengeneza drapo, bendera ya Irondele. Kesho Dimanche tunacheza."

Kicheko kikakatika. Msichana akakikunja kile kitambaa na kukisukuma chini ya meza.

"Batu ba Irondele mi sibauzie."

"Mbe! Pesa yetu iko haramu?"

"Nenda kwa jirani. Yeye anauzia hata bachawi."

Irondele ni timu ya mtaa wa Cibitoke. Jina lenyewe ni la Kifaransa, la yule ndege mbayuwayu. Uwanjani mtu mmoja huita "Irondele!" na jukwaa zima humjibu "Hazitui!" Mwaka huo zilikuwa zinatua, tena vibaya. Zilikuwa mkiani mwa ligi kuu, na kushuka daraja kulikuwa mlangoni kunabisha hodi. Ilyasi, fundi wa kuchomelea vyuma, hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Mwenye kukata tamaa upesi hawezi kuwa shabiki wa Irondele. Jumatatu alirudi kwenye ile meza na juisi ya marakuja. Akarudi tena na sambusa. Msichana akamtajia jina lake, Saliha, na siku ile ya sambusa akamwambia na lililobaki.

"Baba yangu alikuwa Mzee Mohamadi."

Ilyasi akaweka sambusa chini. Nani asiyemjua Mzee Mohamadi? Alikuwa akiburuta mguu wa kushoto, na sauti yake ya kuita ilisikika mpaka barabarani. Alikufa katikati ya msimu huo huo, jukwaani, mechi ikiendelea. Alianguka akiwa amefungua mdomo kuita.

"Mi ndiyo nilimudaka," alisema Ilyasi polepole. "Alinifia mu mikono. Nilijua iko na bibi, sikujua iko na binti."

"Hata yeye alikuwa anasahau."

Alilisema kwa utani, lakini macho hayakutania. Hapo ndipo Ilyasi alipompenda hasa. Yale ya mwanzo yalikuwa ya gauni.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Baada ya muda mfupi soko zima lilijua, na jioni simu hazikulala.

"Umelala?"

"Ningelala ningekujibu?"

"Basi pumua tu, nikusikilize."

"Inite za simu yako zitaisha, mupumbavu wangu."

"Ziishe. Kesho nitachomelea geti ya mutu, nitanunua zingine. Saliha?"

"Ee."

"Kuya ku stade, pale uwanjani, mara moja tu. Uone penye alikuwa anakaa. Banamuachia nafasi yake, hakuna mutu anaikalia."

Alikataa. Kisha akakataa kwa sauti ndogo zaidi. Jumapili akaenda.

Alivaa sketi ndefu nyeusi na blauzi ya krimu, akakaa kando ya Ilyasi akiwa amekumbatia mkoba wake. Jukwaa lilikuwa limepooza. Tangu Mzee afe, hakuna aliyethubutu kuita. Walipiga ngoma tu, na Irondele zilifungwa tu. Juu kabisa, katikati ya watu waliobanana, kulikuwa na nafasi moja ya saruji tupu.

Ghafla watu wote wakapiga kelele: "Hazitui!"

Kisha kimya. Ngoma zilinyamaza. Watu walitazamana, mmoja mmoja wakageuza shingo kuangalia juu. Ilyasi naye aligeuka, bila kuachia mkono wa Saliha.

"Nini?" Saliha aliuliza. "Juu ya nini munanyamaza?"

"Haujasikia?"

"Nimesikia 'Hazitui'."

"Apana. Mbele ya iyo. Nani ameita?"

Saliha hakuwa amesikia mtu yeyote akiita. Wengine wote walisikia, na wote walijibu kabla akili haijawauliza wanamjibu nani. Sauti ilitoka kwenye ile nafasi tupu. Walipokuwa bado wameangalia huko, Irondele wakafunga bao.

Baada ya hapo mashabiki wakaanza kumjia Saliha sokoni. Aliyewatangulia ni Mugisho, mpiga ngoma mkuu, mtu mnene mwenye heshima zake.

"Mutoto ya Mzee, usituache. We ukiwa pale, yeye anakuya."

Akaenda tena, na tena, kwa sababu Ilyasi alimtazama kwa macho ya mtu mwenye njaa anayeona haya kuomba. Kila alipokwenda sauti iliita, na kila ilipoita Irondele zilishinda. Jukwaa zima lilimsikia Mzee isipokuwa mwanawe. Saliha alikaza masikio mpaka kichwa kikamuuma. Hakuambulia kitu. Hata akiwa mfu, baba yake alikuwa anazungumza na mashabiki tu.

Kulikuwa na jambo lingine, ambalo watu walilisema kwa kunong'ona. Sauti ilikuwa inateremka. Mara ya kwanza ilikuwa juu kabisa, halafu ikawa safu za katikati, halafu wakaisikia nyuma tu ya shingo zao.

Mechi ya mwisho ila moja, Saliha akaisikia.

Ilikuwa karibu naye kiasi kwamba aliisikia na pumzi yake. "Irondele!" Ile ile, yenye mkwaruzo mwishoni, iliyokuwa ikimwamsha asubuhi za shule. Akageuka huku machozi yamemjaa. Ilikuwa inatoka kinywani mwa Ilyasi.

Alimzaba kofi mbele ya jukwaa zima.

"Kumbe ni wewe! Siku zote unamuiga baba yangu, unanileta hapa kama hirizi yenu!"

"Nimefanya nini? Saliha, wallahi, nimefanya nini?"

Hakungoja. Alishuka ngazi akisukuma watu, na nyuma yake uwanja ukalipuka kwa bao. Imebaki mechi moja. Wakishinda, wanabaki ligi kuu; sare haitoshi.

Siku mbili hakupokea simu. Ya tatu, baada ya magharibi, moyo ukamshinda.

"Sema."

"Sheri wangu, nakuapia, sikumbuke kitu. Batu banasema niliita. Mi nakumbuka niko nakuangalia we, halafu kofi."

"Bwongo."

"Shavu ndiyo inauma, moyo unauma kuliko. Ningemuiga baba yako ili nipate nini? Mi nakutaka we. Hata stade ivunjike kesho, nakutaka we."

Saliha alifumba macho. Alikuwa anataka sana kuamini. "Basi kuya kesho tuongee," alisema.

Kwenye simu mtu akakohoa kikohozi cha mzee.

"Kasali," ilisema simu. "Umekula?"

Ulimwenguni mtu mmoja tu alimwita Kasali, na kila simu yake aliifungua kwa swali hilo.

"Kuya Dimanche, mwanangu. Bado kidogo tu."

Aliitupa simu kitandani na kukimbilia jikoni kwa mama yake. Mama Saliha alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza hadithi yote bila kuinua kichwa, mikono yake ikiendelea na kazi, mpaka mwisho ndipo ikasimama.

"Mi sishangae," alisema. "Baba yako hajawahi kutoka ku stade mbele ya filimbi ya mwisho. Hata zikifungwa tano. Hata siku nakuzaa wewe, banamuita, anasema dakika kidogo. Alikufa mupira haujaisha, Saliha. Kwake bado haujaisha."

"Dimanche unaisha."

"Zikishuka, unaisha. Zikibaki, mwaka kesho kuna mwingine, na mwaka wa mbele. Hatatoka. Na huyo mutoto ya batu atakuwa nyumba yake."

Mama akamsomea Yasini, akampa maji ya dua ampelekee Ilyasi. Ilyasi aliyanywa karakanani, mbele ya vyuma vyake, akaapa kwamba Jumapili hatatia mguu uwanjani. Alikuwa amekonda. Alipomsindikiza Saliha mpaka mlangoni, mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuta, na mwenyewe hakujua.

Mlangoni wakakutana na Mugisho, aliyekwisha kusikia kile kiapo.

"Mumuache aende, jamani," Mugisho alisema, naye alikuwa karibu kulia. "Huku kwetu tuko na nini ingine? Mutu anaamka, hana kazi, hana pétrole, hana sukari, lakini iko na Irondele."

"Na Ilyasi?"

"Kijana atapona. Ekipe ikishuka haiponi."

Jumapili baada ya adhuhuri Saliha alipita karakanani kumwangalia. Mlango ulikuwa wazi, simu iko mezani, mtu hayupo. Hakurudi nyumbani kubadili nguo. Alipanda teksi kama alivyokuwa, na kanga ya nyumbani na malapa.

Alipofika, mechi ilikuwa inakaribia kwisha, bao moja kwa moja. Jukwaa lote lilikuwa limesimama bila sauti, maelfu ya watu, wala hawakuwa wanatazama mpira. Walikuwa wametazama juu. Kwenye ile nafasi ya saruji, isiyokaliwa na mtu, alikuwa amekaa Ilyasi, mikono juu ya magoti, shingo imeinama kidogo kushoto kama alivyokaa marehemu.

Watu walimpisha. Saliha alipanda mpaka juu akapiga magoti mbele yake. Macho yalikuwa ya Ilyasi. Aliyekuwa akitazama kupitia macho hayo hakuwa Ilyasi.

"Kasali. Umekula?"

"Sijakula, baba. Ninakuja kuchukua mutu wangu."

"Subiri. Dakika kidogo."

"Siku nazaliwa ulisema dakika kidogo. Siku napewa diplome yangu, nilikuwekea kiti, kiti ikabaki tupu mupaka banafagia. Siku zote nilikuwa nakusubiri, baba, na sikukuchukia. Nilichukia hizi ndege." Akamsogelea zaidi. "Leo nimepata mutu mwenye ananiona. Ukimukalia huyu, mi nabaki na nani?"

Kule chini mwamuzi akapuliza: Irondele wamepata kona. Jukwaa likaguna. Ilikuwa nafasi yao ya mwisho, kila mmoja aliijua, na kila uso ukaelekea kwenye kinywa kimoja. Kifua cha Ilyasi kikajaa hewa. Mdomo ukafunguka.

"Baba," alisema Saliha. "Mara moja tu. Nichague mimi."

Kinywa kilibaki wazi. Saliha aliona jasho likitoka chini ya nywele. Mpiga kona alikuwa ameweka mpira, anangoja, maana hata wachezaji walikuwa wamezoea kungoja ile sauti.

Mdomo ukafungwa. Hewa ikatoka taratibu puani.

Kisha akasimama. Akamshika Saliha mkono, na akaanza kuteremka ngazi, mguu wa kushoto ukiburuta saruji.

"Mzee!" Mugisho alimlilia kijana mwenye nusu ya umri wake. "Mzee, unaenda wapi? Bado haijaisha! Mzee!"

Hakugeuka. Alipita safu baada ya safu, watu wakigusa shati lake kana kwamba ni jeneza linapita, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Walipovuka geti na kuingia barabarani, kati ya wauza karanga na teksi, ule mkono aliokuwa ameushika Saliha ulikuwa wa baridi, halafu ukawa wa vuguvugu, halafu ukatoka jasho. Mguu ukaacha kuburuta.

"Saliha?" Ilikuwa sauti ya Ilyasi, imekauka kidogo. "Tuko wapi? Mechi imeisha?"

"Bado."

Ndipo filimbi ikalia ndani. Haikufuatwa na kelele yoyote upande wa Cibitoke, ila upande wa pili tu. Ilyasi alisikiliza, akaelewa, akakaa chini ukingoni mwa barabara na kulia kama mtoto. Saliha akakaa naye. Yeye pia alikuwa analia, lakini sababu yake ilikuwa nyingine, na ilikuwa tamu. Binti aliyekuwa akimgoja baba maisha yake yote alikuwa amechaguliwa.

Ilyasi alipangusa uso kwa kiganja. "Tumeshuka."

"Mumeshuka."

"Mwaka kesho tutacheza mu viwanja vya udongo, na ng'ombe."

"Na utaenda."

"Nitaenda. Ekipe haiachwe juu ya kuanguka." Akamtazama kwa hofu. "Utakubali mutu wa hivyo? Nikuoe, Saliha. Najua nanuka moshi ya chuma, na leo sina hata furaha ya kukupa. Lakini nikuoe."

"Kuya Samedi kwa mama, na bajomba bako," alisema Saliha akimpangusa vumbi shingoni. "Dimanche najua uko wapi."

Saa hiyo hiyo, Cibitoke, Mama Saliha alikuwa jikoni peke yake, redio amezima. Alisikia geti likifunguliwa, ingawa alikuwa amelifunga kwa komeo. Akasikia hatua uani, mguu mmoja ukipiga, mwingine ukiburuta, zikija bila haraka mpaka mlangoni pale viatu vilipokuwa vikivuliwa. Hakugeuka. Aliongeza kikombe cha pili kwenye sinia.

"Eh," alisema. "Leo umerudi mapema."