Mbao za Jambire Hazianikwi Kama Samaki

Mwanangu Latifo ni mvuvi hapa Palma, pwani ya Msumbiji. Binti yake Zuleica alipochumbiwa, Latifo alisema mtoto wake hataondoka na kitanda cha dukani. Atamtengenezea cha jambire, kama kile nilichoingia nacho mimi kwa mume wangu. Bado nakilalia.

Jambire ni mti wa bara. Moyo wake una rangi ya kahawa iliyokaangwa, na mistari myembamba ya kupendeza. Ni mzito, na mchwa hawauli.

Latifo alinunua gogo bichi. Akapasua nusu yake, akazipanga mbao juu ya chanja ya samaki, juani. Zuleica akawa anazigeuza asubuhi na jioni, kama dagaa. Haukupita muda, ncha zikapasuka. Ubao mmoja ukajikunja kama jani la mgomba.

Ilibaki nusu ya gogo, na arusi ilikuwa kabla ya Ramadhani.

Jirani yetu Gracinda ni Mmakonde wa Mueda, seremala kama baba yake. Alipoiona ile chanja, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mtani, hizi utazila na ugali?"

"Cheka tu, mtani," Latifo akajibu. "Mwanangu ataondoka na nini?"

Gracinda akaacha kucheka. Akatueleza kwamba ubao mbichi una maji ndani. Jua hukausha nje na ncha kwanza, ndani bado pabichi, basi ubao unavutana mpaka unapasuka. Ncha zipakwe nta au rangi. Mbao zipangwe kivulini panapopita upepo, vijiti katikati yake, mawe mazito juu. Ule ukingo mweupe ulio chini ya gome ukatwe, kwa maana wadudu huula.

"Kisha?" Latifo akauliza.

"Kisha ungoje mpaka Idi Kubwa ipite. Jambire hauharakishwi."

Latifo akainama. Wakwe walikwisha alika watu. Zuleica ndiye aliyesema, "Baba, nenda kawaambie. Mimi nitangoja."

Gracinda akalainisha kipande kidogo cha mti ule, akakipaka nta ya nyuki. Rangi ikatoka, nyeusi na ya dhahabu pamoja. Latifo akaenda nacho kwa wakwe. Mama wa bwana arusi, Sumaia, alikigeuza mkononi muda mrefu.

"Mtoto anayetengenezewa mti kama huu," akasema, "anangojwa."

Ile nusu ya gogo tukaipasua na kuipanga kama alivyosema Gracinda, na baada ya Idi Kubwa mbao zilikuwa zimenyooka, bila ufa. Gracinda na Latifo walifunga vitambaa puani, maana vumbi la jambire huwasha. Walitoboa kwanza ndipo wakatia misumari, mti usipasuke.

Siku ya arusi, wanaume walikibeba kitanda barabarani, wakitua mara kwa mara kwa uzito wake. Kila walipotua, watu walikipapasa na kuuliza kimepakwa rangi gani.

"Hakina rangi," Latifo aliwajibu. "Ni mti wenyewe, ulikaa kivulini."