Maonyo ya Osmo

Haya yalimpata rafiki yangu Venla, anayetengeneza michezo ya kompyuta katika mji wa Tampere, kaskazini ya mbali, na bado yananiudhi. Mwenzake wa kazini, Osmo, alijaza kumbukumbu za mchezo, yale maandishi yanayopita kwenye skrini mchezo ukiendeshwa, kwa maonyo yake: "Osmo: mlango haufungiki. Samahani."

"Mzime huyo mzee wa samahani," wenzake wakacheka. Venla akaweka kichujio, mistari yenye jina la Osmo isionekane tena.

"Umenifuta, dada?" Osmo akamuuliza.

"Nimepunguza kelele tu, usinune."

Wiki hiyo Osmo alikutwa amekufa kwake, peke yake. Na mimi nauliza, alikuwa anasikilizwa na nani?

Baada ya mazishi, alasiri ya Desemba, giza la kaskazini likiwa limeshaingia mapema, wenzake walikwenda sauna, kuoga mvuke. Venla alibaki ofisini kukiondoa kichujio, akauendesha mchezo. Hakuna onyo lililotokea, kwani kazi yote ya Osmo ilikuwa imeshafutwa. Akaizima kompyuta. Feni yake ikanyamaza.

Ndipo vitufe vya kibodi vikaanza kugongwa taratibu kwenye meza ya Osmo, na kwenye skrini iliyozimwa mstari mmoja ukajiandika:

"Osmo: Venla amekaa gizani peke yake. Samahani."