Mkono wa Sultanali

Asubuhi hiyo ya sikukuu, mwaka wa hamsini na nne, Mbezi ilikuwa shwari kabisa. Hema lilisimama chini ya mivinje, Zehra anakaanga bajia, watoto wanachimba mchanga. Mumewe Mohamedraza, fundi redio wa Temeke, aliukodolea macho mzigo asioutaka: redio yake ya safarini, ile ya kuzungumza na wenzake wa mbali kwa kugonga nukta na vistari. Yeye aliiacha nyumbani makusudi. Aliyeipakia garini ni Sherbanu, mjane wa kaka yake.

“Iwashe, shemeji,” alisema Sherbanu. “Saa nne inakaribia. Nataka niwe hapa saa ile ile aliyoahidi kutuita.”

Mwaka uliotangulia, siku kama hiyo walipokuja Mbezi, mumewe Sultanali alibaki Temeke kwa sababu ya pumu. Ndugu hao wawili walikubaliana kwamba saa nne ataita kwa redio ya nyumbani, aseme hali yake. Bahati mbaya, jana yake waligombana. Sultanali alimcheka mdogo wake mbele ya watoto, eti ana mkono mzito, anagonga kama anayetwanga kisamvu. Maana watu wa kazi hiyo kila mmoja ana mkono wake, na wenzake huutambua kama wewe unavyotambua kikohozi cha baba yako. Mohamedraza alilala na kinyongo.

Saa nne ilipofika akausikia mkono wa kaka yake, mwepesi, wa haraka, unamwita. Akajibu kwa kugonga mara mbili. Kwao ilikuwa na maana ya “nipo”. Halafu akazima. Akome, alisema moyoni. Sherbanu alipokuja kuuliza habari za mumewe, akamjibu kwamba betri imekwisha. Jioni walimkuta Sultanali amekaa mezani, mwili wa baridi, kidole bado kipo juu ya kidude cha kugongea.

Mwaka mzima Mohamedraza aliubeba uongo huo. Aliubeba msibani, akaubeba kwenye arobaini, akapewa pole na watu huku akitamani ardhi impasukie.

“Betri imekwisha, shemeji,” alisema sasa. Maneno yale yale. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kwa kuwa betri ilikuwa nzima na nyaya zake alizing’oa yeye mwenyewe muda mfupi uliopita. Zilikuwa zinaning’inia.

Sherbanu alikaa mkekani, akasubiri.

Saa nne kamili redio iligonga.

Nukta, kistari, nukta.

Watoto waliacha kuchimba. Zehra aliinua uso, mwiko mkononi. Mohamedraza alizitazama nyaya. Hazikugusa kitu.

Mkono ulikuwa mwepesi. Wa haraka.

Fundi aliyezoea haandiki kwa kufikiri. Sikio likisikia, kalamu inakwenda yenyewe. Kalamu ya Mohamedraza ilikwenda. Alitaka kuitupa, vidole vikakataa. Herufi zilishuka karatasini moja moja, na Sherbanu, aliyesogea bila kishindo, alizisoma nyuma ya bega lake.

RAZA KIFUA KIMEBANA NJOO NA GARI

Kimya kidogo. Kisha tena.

RAZA UMENIJIBU NAJUA UPO

RAZA

RAZA

Nukta za mwisho zilikwenda polepole. Zikakatika katikati ya herufi.

“Ulimjibu?” Sherbanu alinong’ona.

“Nilimjibu.” Mohamedraza aliiweka kalamu chini. “Halafu nikazima. Nilikuwa na hasira tu, shemeji. Sikujua. Wallahi sikujua.”

Sherbanu hakupiga kelele wala hakumlaani, na Mohamedraza alitamani afanye yote mawili. Aliitwaa karatasi mbele ya shemeji yake, akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akaenda kuwasaidia watoto kufungasha.

Mohamedraza hakushika redio tena. Haikusaidia. Kila siku, saa nne ya asubuhi, kidole chake cha shahada huanza kugonga: mezani, gotini, popote kilipo. Amekifunga kitambaa, kinagonga ndani ya kitambaa. Na si mkono wake ule mzito. Wenzake waliokuja kumjulia hali walisikiliza kidogo, wakaaga mapema.

Sherbanu huja kila siku saa hiyo na kikombe chake cha chai, hukaa karibu yake. Hakuna aliyewahi kumfundisha hata nukta moja. Lakini kidole kikitulia, yeye huchukua kijiko, akagonga kikombe mara mbili.