Bangi Si Dawa ya Kichefuchefu

Ambwene na mumewe Gwamaka wanalima kakao huko Njisi, wilayani Kyela. Wakishapasua kakao, mbegu mbichi huwekwa kwenye kasha la mbao na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Hukaa siku sita zichachuke. Kila baada ya siku mbili lazima zigeuzwe. Kazi hiyo ilikuwa ya Ambwene.

Kakao inayochacha inanuka. Watu huzoea. Lakini Ambwene alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Akifunua majani tu, anatapika.

Gwamaka alimsokotea bangi. "Vuta kidogo, ugeuze upesi. Ni jani tu, kama mchaichai."

Ambwene akavuta. Kichefuchefu kikatulia, akageuza kakao. Baada ya wiki tatu alikuwa anavuta kila asubuhi, hata siku ambayo kasha halifunguliwi.

Alifanya hivyo hivyo kwenye mimba ya kwanza. Mtoto yule, Nelson, alizaliwa kabla ya wakati, kilo moja na gramu mia nane. Walimbeba kifuani miezi miwili kumpa joto, wakisikiliza kama bado anapumua.

Jumamosi moja Eufrasia alikuja kununua ndizi. Ni muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa Kagera.

"Ugonile, mama Nelson!" alisalimia. Kinyakyusa chake kiliishia hapo.

"Ugonile, nesi. Umefuata ndizi tena? Si ulisema ndizi ni za kwenu Bukoba?"

"Hizi zenu nazila kwa shida tu."

Wakacheka. Kisha Eufrasia akanusa. "Hiyo si kakao."

Ambwene akaficha mkono nyuma. "Utaniitia polisi?"

"Mimi ni muuguzi. Unavuta tangu lini?"

"Tangu kichefuchefu kianze. Bila hii sigeuzi kakao."

"Basi nisikilize. Bangi inaingia kwenye damu yako. Inapita kwenye kondo la nyuma, inamfikia mtoto. Ukivuta wewe, na yeye amevuta. Mtoto wa namna hiyo yuko kwenye hatari zaidi ya kuzaliwa mdogo, au kabla ya wakati. Wengine wakikua hupata shida ya kutulia na kujifunza."

"Na nikiichemsha kama chai?"

"Ni ile ile. Hata ukishajifungua usiiguse, inaingia kwenye maziwa."

Ambwene alimtazama Nelson akicheza uani. "Kwa hiyo huyu ni mimi niliyemfanya azaliwe vile?"

"Siwezi kuapa. Watoto huzaliwa mapema kwa sababu nyingi. Lakini huyu wa tumboni bado unaweza kumkinga. Ukiacha leo, anafaidika kuanzia leo."

Gwamaka akatokea nyuma ya nyumba. "Nesi, na kakao yangu ataigeuza nani?"

"Shemeji, una mikono mingapi?"

Ambwene alikwenda chooni, akatupa bangi yote shimoni. Akarudi, akasimama mbele ya mumewe.

"Nelson tulimbeba kifuani miezi miwili. Mimi sirudii. Kuanzia leo kasha ni lako, baba Nelson. Igeuze kakao au ioze."

Jumatatu alikwenda kliniki, akasema kweli yote. Hakuna aliyemfokea. Alipewa dawa ya kuzuia kutapika inayofaa wajawazito. Akaambiwa ale kidogo kidogo mara nyingi, na asikae na njaa. Gwamaka, aliyemsindikiza, akaambiwa asivute karibu na mkewe, maana moshi wake pia unamfikia mtoto.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Ambwene hakulala vizuri. Alifokea mpaka kuku. Lakini hakuvuta. Wiki ya tatu alikula sahani nzima ya wali.

Gwamaka aligeuza kakao amejifunga khanga puani. Jirani yake Ezekiel alipita akamcheka. "Leo mwenye mimba ni Gwamaka!"

"Njoo nikuonyeshe inavyonuka, ndipo ucheke," alijibu, huku akiendelea kugeuza.

Mimba ilitimia. Ambwene alijifungua msichana zahanatini, kilo tatu na gramu mia moja. Mtoto alilia mpaka waliokaa nje wakasikia. Hakuhitaji kubebwa kifuani ili aishi.

Gwamaka alikuja mbio, moja kwa moja kutoka kwenye kasha. Akanyoosha mikono ampokee mwanawe.

Ambwene akamvuta mtoto kwake. "Kaoge kwanza," alisema. "Unanuka kakao."